Hina Migongoni mwa Kuku

Gabes, 12 Februari 1984

Wifi yangu Nejiba,

Nakusalimu wewe, Mama, na kila anayelala chini ya dari ile. Huku tu wazima, isipokuwa mama mkwe wangu magoti yamemkamata tena. Siku nzima yuko kitandani anagonga ukuta kwa fimbo: mara maji, mara mto, mara nani huyo kapita mlangoni. Mume wangu Lazhar yuko mitendeni tangu alfajiri. Hamda wangu surua imemwisha, sasa anakula kama mtu aliyetoka jela. Mumeo Munsif akirudi na lori lake kutoka Gafsa, mwambie ana dada, asije akasahau.

Nimempa Ammar, dereva wa basi, kifurushi cha hina. Ni ya hapa Gabes, mpya, nimeichagua mwenyewe. Mpake Mama mikono. Aliyewapaka hina maharusi wa Testur nzima hafai kukaa na mikono mitupu eti kwa kuwa amezeeka.

Sasa tuzungumze, wifi. Kikapu cha mayai ulichomtuma nacho binamu kimefika, na nilipokifunua nilidhani ni ya njiwa. Nikasema labda majira. Lakini nimesikia mengine. Nimesikia kuku wa Mama wako uchi mgongoni, mikia imenyonyoka, na wengine wanavuja damu. Kuku wa Mama, Nejiba? Tangu nina akili zangu sijawahi kuona kuku wa Mama ana kidonda. Unawalisha? Au chakula chao kinapita njia nyingine?

Sikulaumu, nauliza tu. Nijibu.

Wifi yako, Beya


Testur, 4 Machi 1984

Kwa wifi Beya, mama Hamda,

Tumepokea salamu na hina, vyote vizima. Munsif alikuja, akala, akalala, akaondoka, na nikimuuliza jambo anasema tutazungumza nikirudi. Mvua imenyesha vizuri na mashamba ya ngano kule bondeni ni kijani kitupu. Mama hajambo, anakusalimu sana na anakuombea dua.

Kuhusu kuku, kwanza nikuulize: huyo anayenihesabia manyoya ya kuku kutoka darini kwake ni Shedliya, au umepata mwingine? Maana jirani yule akianika kuskusi yake juu anageuza shingo kwetu mpaka punje zinaliwa na shomoro. Mwambie akitaka habari abishe hodi, nina chai.

Ni kweli wanadonoana, na wala sijaficha. Yule mtetea mwenye madoadoa ndiye chanzo cha shari. Anamfuata mwenzake nyuma, anang'oa unyoya mmoja, anaumeza, anarudi kung'oa wa pili. Damu ikitoka tu, wote wanamvamia yule maskini. Chakula wanakula: pumba, shayiri, na makombo ya mkate niliyoyaloweka kwa mikono yangu hii. Nimewahamishia kwenye ghala chini ya ngazi kwa sababu ya mbweha, na mlango wa ua nimeufunga kwa kufuli. Huenda hawajapazoea, basi.

Mayai ni madogo kwa sababu ndiyo wanayotaga. Siwezi kuyavuta yawe marefu.

Nejiba


Gabes, 21 Machi 1984

Nejiba wifi yangu,

Salamu. Huku upepo wa mchanga umetuzika siku tatu, na mama mkwe anasema ni mimi niliyeacha dirisha wazi. Hamda kaanguka kwenye mtende, hakuvunjika kitu. Lazhar anakusalimuni.

Mbweha? Nimelisoma neno hilo mara mbili. Mbweha katikati ya Testur, nyuma ya msikiti, ukuta kwa ukuta na muuza mkate? Nimezaliwa nyumba ile, nimeolewa kutoka nyumba ile, mbweha pekee niliyemjua ni yule wa kwenye hadithi. Usinifanye mtoto, wifi.

Kuku waliokuwa na ua mzima, wakijichimbia vumbi chini ya mkomamanga, leo umewasonga ghalani penye joto na dirisha moja la kuwamulika machoni, halafu unashangaa wanadonoana. Watu wenyewe tukikaa hivyo tunadonoana. Fanya hivi. Wafungulie ua. Ukishindwa, ziba dirisha kwa gunia wapate giza kidogo. Funga kabichi nzima kwa kamba uining'inize usawa wa vichwa vyao, waidonoe hiyo wasahau migongo. Tia chumvi kidogo sana kwenye maji siku moja, si zaidi. Mwenye madoadoa mtoe, umtenge wiki nzima peke yake. Akirudi atakuta hana tena cheo chake. Waliojeruhiwa wapake katrani, yale mafuta meusi yanayonuka, kwa sababu kuku akiona chekundu hawezi kujizuia. Cheusi hakimwiti.

Haya yote Mama anayajua kuliko mimi. Kwa nini hajakwambia? Yeye anakaa wapi kuku wake wakiliwa?

Na jingine. Mama hajawahi kunisalimu "sana". Tangu niolewe, mwisho wa kila barua mnaniandikia neno lake kama lilivyotoka mdomoni: kichwa cha mbuzi wee, umeshiba? Safari hii hamna. Badala yake nimeandikiwa dua kama ya imamu. Nataka neno la Mama, Nejiba.

Beya


Testur, 29 Aprili 1984

Wifi Beya,

Samahani nimechelewa. Siku hizi nguo za kufua zimeongezeka na mikono ni hii miwili. Tunakusalimuni nyote, na pole kwa Hamda. Mzee wangu kule Beja alikuwa anaumwa, sikuweza kwenda kumwona. Munsif hajarudi tangu ule mwezi.

Neno la Mama hili hapa: "Kichwa cha mbuzi wee, umeshiba? Msalimie Lazhar."

Nilifanya ulivyosema, na haki yako nakupa, mambo yalitulia. Gunia dirishani, kabichi kwenye kamba, katrani. Mwenye madoadoa nilimtenga chini ya kapu kubwa, akapiga kelele mpaka muuza mkate akauliza kama nafuga punda. Alivyorudi alikuta mdogo wake ameshika usukani. Manyoya yakaanza kuchomoza migongoni, mayai yakaongezeka, nikatayarisha kikapu chako.

Halafu mambo yakaharibika upya. Nikiamka mchana baada ya kulala kidogo, nakuta mmoja mgongo mwekundu na wenzake wamemzunguka. Kesho yake mwingine. Ijumaa iliyopita mweupe alikufa, wamemla mpaka ndani. Nilipomwosha nimzike maji yalitoka mekundu ya kutu, na damu haitoi rangi ile.

Sasa na mimi nina swali langu, wifi. Ile hina umeitia nini? Maana shari hii ya pili imeanza tangu kifurushi chako kiingie ndani, na kila nikikifungua nakikuta kimepungua, na mimi sijaigusa. Nimechukua punje kidogo nikaitia kwenye makaa na buhuri. Ikatoa moshi wa ajabu. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, lakini si mjinga vilevile. Ulipokuja mara ya mwisho ulisema utarudi nyumba hii siku moja. Mtu anayetaka kurudi huanza kwa kumtoa aliyemo.

Nejiba


Gabes, 17 Mei 1984

Nejiba,

Salamu ni za Mungu, nakupa. Habari za huku hazikuhusu leo.

Hina nimeinunua kwa bibi niliyemjua tangu nihamie hapa, nimeichekecha mbele ya dirisha langu, sikuitia kitu ila mapenzi ya mama yangu. Wewe ndiye umeichoma kwenye makaa? Hina ya kumpaka Mama unaifanyia uganga jikoni kwake?

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Hina ilikuwa ya mikono ya Mama. Imefikaje migongoni mwa kuku? Kuku hawapiki, hawaolewi. Mtu amewapaka, na nyumbani mko wawili. Shedliya ameniandikia, ndiyo, ni yeye, sasa umejua. Anasema amewaona kuku wekundu. Anasema Mama hatoki tena mlangoni kukaa na wenzake jioni. Anasema kufuli ipo ndani na nje. Wewe unamfungia mama yangu pamoja na kuku?

Na ile salamu uliyoitunga. Mama hajawahi kulitamka jina la Lazhar. Miaka yote anamwita "yule wa mitende". Ukitaka kughushi, jifunze kwanza.

Idi nakuja, nikishafika naondoka na Mama. Atakaa kwangu. Munsif nimemwandikia, na nyumba mtajua wenyewe mtaifanya nini.

Beya


Testur, 9 Juni 1984

Wifi Beya,

Ramadhani njema. Tunafunga salama, joto ni kali. Mama hajambo.

Usije Idi. Njia ni ndefu, mabasi yamejaa, na Hamda ni mdogo. Njoo baadaye, kukipoa.

Niliyokwambia kuhusu hina nilikosea. Hina yako haina kitu. Nisamehe.

Kuku wamepungua lakini waliobaki hawajambo.

Munsif amenitumia ujumbe kwa mtu kwamba Mama akichukuliwa yeye atapangisha nyumba na mimi nirudi kwetu Beja mpaka atakapotulia. Amesema hivyo, kama mtu anayehamisha gunia. Sikuandikii hili ili unionee huruma.

Nejiba


Gabes, 20 Juni 1984

Nejiba,

Salamu kwako na kwa Mama.

Jana nimepata bahasha kutoka kwa Shedliya. Anaandika kwamba kuku mmoja aliruka ukuta akaingia darini kwake, mgongo mwekundu, na miguu yake yote miwili imefungwa vitambaa. Akakata kimoja akanitumia, anasema huu ni ushahidi kwamba wifi yako ni mchawi, mpeleke mbele ya watu.

Nilikifungua mbele ya mama mkwe, nikakifunga haraka, nikaenda nacho jikoni.

Nejiba, fundo lile nalijua. Mama akimaliza kumpaka bibi harusi miguu huizungushia kitambaa, halafu ncha moja anaipitisha chini ya nyingine na kuirudisha ndani, ili msichana akilala lisifunguke wala lisimuumize. Hakumfundisha mtu. Nilimwomba anifundishe, akasema nikifa utalifungua moja ujifunze. Miguu yangu mimi ilikaa ndani ya fundo hilo usiku wa kuamkia harusi yangu.

Kwa hiyo sikuulizi tena nani amewapaka kuku. Mbweha wako nimemwelewa, na kufuli nimeielewa, na zile nguo za kufua. Nilikuwa nakutazama wewe tu, nikaacha kuitazama nyumba.

Niambie yote. Usinipunguzie. Mama anaumwa nini?

Beya


Testur, 27 Juni 1984

Wifi yangu Beya,

Salamu. Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye ngazi nikalia, maana tangu vuli sijamwambia mtu.

Ilianza kwa chumvi. Alitia chumvi kwenye mchuzi wa mlukhiya mara tatu na kila mara akaniapia kwamba hajatia. Halafu akaanza kutoka. Anafungua mlango wa ua, anauacha wazi, anashika njia na mfuko wake wa hina kwapani. Mara ya kwanza alirudishwa na muuza mkate. Mara ya pili nilimpata kule chini karibu na mto, viatu mkononi, ananiambia amechelewa, bibi harusi anamsubiri. Ndipo nikaweka kufuli. Na mlango ukiwa umefungwa, kuku wakawa hawana pa kutokea kwenda uani, maana kwenda uani na kutoka njiani ni mlango uleule mmoja, unajua mwenyewe. Nikawaweka ghalani. Kudonoana kwao kulianzia hapo. Mbweha nilimbuni nikiwa na kalamu mkononi, nikajua hapohapo kwamba hutamkubali.

Sikukuandikia kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza. Ana siku zake anakuwa mzima kabisa, ananitania, ananikosoa kuskusi. Siku moja kama hiyo alinishika mkono akasema, "Nejiba, najisikia naondoka kidogo kidogo. Usimwambie Beya. Atakuja kunichukua, na kule kwake sijui hata mlango wa choo ulipo. Hapa nikipotea, napotea nyumbani."

Nikamwapia. Na nitakuwa mwongo nikisema niliapa kwa ajili yake tu. Niliijua kauli ya Munsif kabla hajaitoa. Mama akiondoka, mimi sina nyumba. Watoto sikujaliwa, mume namsikia kwa watu. Nilishikilia siri hiyo kwa mikono yote miwili, na wewe ukiuliza jambo dogo la mayai mimi naona umekuja kunitoa.

Nilipokutuhumu na ile hina nilikuwa sijajua bado. Nilijua siku chache baada ya kukuandikia. Nilijifanya nimelala mchana, nikamfuata. Alikuwa ghalani, amekaa juu ya ndoo, bakuli la hina pembeni. Mweusi yule mnene amemlaza chali mapajani, ametulia kimya, unajua kuku akilazwa hivyo anavyotulia. Mama anampaka miguu kidole kwa kidole, anamfunga, anamgeuza, anamaliza hina iliyobaki mgongoni, na anamwimbia pole pole ule wimbo wa kumtuliza bibi harusi. Halafu akasema, "Tulia, Beya mwanangu. Usilie. Mume ni wa mbali lakini ni mtu mzuri. Kila Idi utakuja."

Alimshusha. Mgongo ulikuwa mwekundu kama kidonda. Hajapiga hatua tatu wenzake wameshamrukia.

Sikuweza kukuandikia hivyo, Beya. Kwamba anawapaka kuku kwa jina lako, na kwamba tangu Idi ya mwaka juzi hujaja.

Nilimnyang'anya bakuli, akanipiga kofi. Nilificha kifurushi, akakipata. Nilimpa majivu na maji akayamwaga, anajua rangi yake. Sasa anakula mchana wa Ramadhani na kuniapia kuwa amefunga, na mimi namwambia Mungu akupokelee. Kuku wamebaki wanne. Wiki mbili zilizopita nilikaa mimi juu ya ndoo kabla yake. Nikanyoosha mikono. Akanitazama sana, akaanza kunipaka.

Tangu siku hiyo kuku hawaguswi. Wameota manyoya, wanadonoa kabichi yao, na yule wa madoadoa sasa anasukumwa na kila mtu. Mimi mikono yangu ni myekundu mpaka kwenye kiwiko, na miguu. Sokoni wanawake wananicheka, wanauliza harusi inaisha lini. Shedliya amesema nimeolewa na jini.

Lakini kuna jambo moja linanishinda, na ndilo linalonifanya niandike yote. Akinipaka ananiita Beya. Nikimwambia mimi ni Nejiba, mke wa Munsif, anaacha, anatazama mlangoni, anauliza basi Beya yuko wapi, amefichwa wapi, na analia mpaka magharibi. Nikinyamaza anauliza kwa nini simjibu. Sitaki kuchukua jina la mtu. Jina lako ni lako, na Mama ni wako. Niambie nifanyeje.

Ukija Idi kumchukua sitasimama mlangoni. Nguo zake nimezifua zote.

Nejiba


Gabes, 6 Julai 1984

Wifi yangu,

Idi njema, ijapokuwa imepita. Hamda ameivaa suruali mpya na kuichana siku hiyohiyo. Lazhar anakusalimu.

Sikuja, na umeona kwamba sikuja. Nilikuwa nakutisha na chumba ambacho sina. Tuna vyumba viwili, kimoja ni cha mama mkwe na fimbo yake, na kila nikitaja Testur, Lazhar ananiuliza nani atambeba mama yake chooni. Ningemleta Mama angelala jikoni. Nilikuwa naandika "nitamchukua" na huku najua.

Munsif nimemwandikia upya, na safari hii Lazhar ametia saini chini yangu. Nyumba ile ni ya Mama, na Mama anakaa na wewe, na mtu akitaka kupangisha aanze kwa kunipangisha mimi. Shedliya nimemwandikia pia. Hatakusumbua.

Kwa mkono wa Ammar kuna mfuko wa hina, mkubwa kuliko ule. Ukiisha niambie mapema. Usikaze kitambaa wewe, mwache afunge mwenyewe. Nami nitakuja Septemba, hata kama ni kwa siku moja, hata kama atanitazama na kuniuliza mimi ni nani. Nitamwambia mimi ni mgeni wa Nejiba.

Nimeisoma barua yako mara nyingi sana, na lile ulilouliza mwishoni nimelala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa na wivu, usidhani sikuwa nao. Leo asubuhi umeniisha.

Akikuita Beya, itika.

Beya